Viti Tisini na Sita vya Ami Khalfan

Jumapili, 11 Januari
Saa moja asubuhi nimetoka Maskati, saa mbili na nusu niko Qurayyat. Rangi ya pili kwenye jukwaa la sinema. Safi. Fundi alitaka kulivunja aongeze safu ya viti, nimekataa. Hapo ndipo Ami Khalfan, ndugu wa baba, alipokuwa akipandisha wachekeshaji kabla ya picha kuanza. Watu wa Unguja na Tabora kama sisi, wakichekesha kwa Kiswahili. Wavuvi wa hapa, Waarabu, hawakuelewa neno na walicheka mpaka machozi. Jukwaa linabaki. Sinema hii nitaifufua mimi.

Jumanne, 13 Januari
Alhamisi ya wiki ijayo anakuja mkaguzi wa baladiya, manispaa ya hapa. Akilipitisha jumba, Ami anapata leseni. Asipolipitisha, wana wa Ami wanalikodisha kwa mtu wa samaki, aweke mafriji. Ami amelikubali sharti hilo, na Ami akisema kasema. Hofu sina. Miaka thelathini nimelaza mabomba ya maji milimani, leo viti vinishinde?

Jumamosi, 17 Januari
Viti vimerudi kutoka karakana ya Ghala, kule Maskati. Tisini na sita, vimeshonwa upya, vyekundu kama zamani. Mafundi wamevifunga kwa kufuata namba za mchoro wangu. Hadi Magharibi wamemaliza. Nimepita katikati ya safu kama bibi harusi. Nimejisifu, na nilistahili.

Jumatatu, 19 Januari
Viti vinacheza. Karibu vyote. Sakafu ya jumba hili imemwagwa juu ya mwamba, ina mabonde, na Ami mwenyewe alikata miguu ya kila kiti kwa msumeno mpaka kikatulia mahali pake. Nimempigia simu msimamizi wa karakana. Nimemwita mvivu. Nimemwita mwongo. Nimemkatia simu. Siku tatu zimebaki.

Jumanne, 20 Januari
Prossy ndiye aliyeona, binti wa Kiganda anayemtunza Ami. Alikuwa anapiga deki.
"Mama, hiki kiti si cha hapa. Angalia alama za miguu ya zamani kwa sakafu. Wallah kimetoka saidi ile, upande wa pili."
Nikafungua mchoro. Namba nimeanzia kushoto, kama ninavyoandika hapa, na upande sikuutaja. Msimamizi ni Mwarabu wa hapa. Kwake moja inaanzia kulia. Kila safu imefungwa kinyume. Miaka yote ofisini nimeandika Kiarabu, siku ile mkono ukaenda kwa Kiswahili. Kosa ni langu, peke yangu.
Nimeendesha mpaka Ghala kumwomba radhi uso kwa uso. Amenipa kahawa. Halafu amenipa mafundi sita.

Jumatano, 21 Januari
Kufungua, kubeba, kufunga. Prossy anasoma alama za sakafuni, mimi natii. Sijazoea kutii. Mgongo umekufa. Safu mbili bado.

Alhamisi, 22 Januari
Skrubu ya mwisho imekazwa mkaguzi akiegesha gari. Ametikisa kiti kimoja kimoja, vyote, mimi nyuma yake nimeuma meno. Hakuna kilichocheza. Ametia sahihi. Mtu wa samaki atafute kwingine.

Ijumaa, 23 Januari
Baada ya sala nimempeleka Ami. Macho yake hayaoni vizuri tena, rangi hakuiuliza. Amepapasa mpaka safu ya nyuma, kiti cha tatu kutoka kulia. Amekaa. Ameweka kikombe cha kahawa juu ya mkono wa kiti, akakiachia. Kikombe kimetulia.
"Hiki nnakikumbuka," amesema. "Nlikikata mara nne."
Prossy amepanda jukwaani bila kuombwa, akatutolea kichekesho kwa Kiganda. Hatukuelewa neno. Ami amecheka mpaka akakipiga kikombe kwa kiwiko, kahawa yote ikamwagika kwenye kitambaa kipya.
Nimekwenda kuchukua tambara.