Hapo Pana Mtu: Mwaka Mmoja Bila Mama Kiti

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu asubuhi ile ulipojaza beseni maji ya kumwogeshea Baba, ukasema unaegemea ukuta kidogo upate pumzi. Hukurudi kulichukua. Baba alikuita kutoka kitandani, akakuita tena, na kwa kuwa kiharusi kilishamchukua upande mzima hakuweza kuja kukutazama. Jirani yetu fundi cherehani ndiye aliyesikia, akaingia, akakukuta sakafuni. Maji yalikuwa bado ya moto.

Watu hutuuliza ulikuwa unafanya kazi gani hasa, kwa maana shirika lenu lina vyumba viwili tu juu ya duka la rangi, na jina refu kuliko ngazi zake. Tunawajibu kwamba kazi yako ilikuwa kuwasumbua wakubwa. Ndiyo, uliwatafutia wagonjwa wa majumbani magodoro, nepi za watu wazima na dawa za vidonda vya mgongoni. Lakini ulizoea kusema kwamba godoro ni kudeki sakafu huku bomba linavuja.

Bomba lenyewe lilikuwa kanuni moja. Kila anayepokea ruzuku ya wasiojiweza lazima afike mwenyewe, kila mwaka, katika ofisi ya ustawi, aonekane kwa macho. Asiyeonekana anahesabiwa amekufa. Na ofisi yenyewe iko ghorofani, lifti ni mbovu tangu sisi tuko shule. Ulitaka sheria igeuzwe, ofisa ndiye amfuate mgonjwa nyumbani. Hukutaka zaidi ya hapo. "Eti aliye juu mngoje chini," ulikuwa ukisema, ukivua viatu mlangoni. "Nimemngoja chini mpaka mvi zimeniota. Hashuki!"

Mama mzazi wa fundi cherehani alipandishwa ngazi zile akiwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki cha bluu, mwanawe mbele, dereva wa shirika nyuma. Alikata roho foleni ikiwa bado ndefu, palepale kwenye kiti. Karani wa dirishani alichungulia akauliza, "Sasa huyu tuseme alitokea au hakutokea?" Wewe ulikichukua kile kiti, na tangu siku hiyo hukwenda kikao chochote bila kukibeba. Ulikiweka mbele, kitupu. Mkubwa akitaka kukikalia, au kuweka mkoba wake, ulimwahi.

"Samahani sana, hapo pana mtu."

"Mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Ameshindwa kupanda ngazi zenu."

Ndipo wakakubandika jina la Mama Kiti, wengine kwa heshima, wengine kwa kukukebehi. Uliyapokea yote mawili.

Nyumbani hukuwa mtakatifu, na hatutakupaka rangi leo. Ulikuwa na sauti ya kuamsha mtaa, na vitu vyetu uliviona vya wote. Mwanao wa mwisho alikutana na sweta lake barabarani limevaliwa na mzee asiyemjua, alipokulalamikia ukamuuliza kama amemsalimia. Baba ulimnyoa mwenyewe, ukimsomea matokeo ya mpira usioupenda, majina ya wachezaji ukiyakosea makusudi ili akasirike kisha acheke. Sasa anayesoma ni mimi, mwanao wa kwanza, na nayapatia yote. Hacheki.

Uhakiki wa mwaka ule, wa kuwaona kwa macho wanaopokea ruzuku kama Baba, uliangukia katika siku zile tulizokuwa tukikuzika. Tulipompeleka Baba, mgongoni kwa mkweo, tulikuta wameshafunga.

"Huyu ameshafutwa," karani akasema.

"Amefutwa vipi naye ndiye huyu?" Mama Mdogo akamjia juu. "Si unamwona anapumua?"

Karani alimtazama Baba, akampa shikamoo yake kwa adabu zote, kisha akasema kwamba kwenye kompyuta amekufa, yeye hana la kufanya, tusubiri mwakani.

Baba akacheka upande mmoja wa mdomo. "Basi tumekufa siku moja, mimi na mke wangu. Ila mimi nimecheleweshwa kuzikwa." Huo ndio utani wake wa mwisho tulioupata. Kidonda cha mgongoni ulichokuwa umekifunga kimefumuka tena, kinanuka, na yeye anajua kinanuka. Tuna hasira, Mama. Hatuna neno la adabu zaidi ya hilo.

Kisha kamati ya watunga sheria, uliyoililia miaka yote, ikakubali kulisikiliza shirika lenu. Na wenzako wakafanya jambo ambalo ni wao tu wangelifanya. Walikiweka kiti cha bluu mbele, wakakitandikia mtandio wako, wao wote wakakaa nyuma kwa heshima. Shirika likaitwa. Hakuna aliyenyanyuka. Dereva ndiye aliyesema, machozi yakimtoka, "Hapo pana mtu." Mwenyekiti alikitazama kiti, akatazama saa. "Asiyekuwepo na lake halipo. Tuendelee na wengine." Walipozinduka na kuanza kupaza sauti, wengine walikuwa wameshaanza kusema. Walikuja nyumbani wakilia kama tunazika upya. Usiwakasirikie, walifanya kwa mapenzi. Lakini tunakujua, ungewaka.

Kamati inakaa tena wiki ijayo. Tulibishana ni nani akaseme, mpaka Baba akatukatiza kutoka chumbani.

"Nikalisheni kwenye kiti cha mke wangu, mnipeleke."

Tulimwambia kwamba kule nako ni ghorofani. Tulimkumbusha nani alifia kwenye kiti kile. Fundi cherehani mwenyewe alimpigia magoti. Baba akasema maiti haogopi ngazi, na tusimpotezee muda.

Kwa hiyo tutampeleka. Fundi atashika mbele, dereva nyuma, sisi pembeni. Kiti chako safari hii hakitakuwa kitupu, na mwenyekiti akiuliza atajibiwa na mwenye kuketi. Akishuka salama tutakuja kaburini kukusimulia. Asiposhuka, mpokee. Maji yake ya kuoga unajua anavyoyapenda.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye katika kompyuta yao ni marehemu mwenzako. Na wanao wote, mkweo, wajukuu, mdogo wako Mama Mdogo, jirani yako fundi cherehani, na wenzako wa juu ya duka la rangi. Maadamu yupo mmoja wetu anayepumua, Mama, utakumbukwa.