Tumbo la Habiba

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeshona sare sita za shule tangu asubuhi. Uzi mweupe umeisha. Adhuhuri dada yangu Habiba kaja na gauni lake la bluu, anataka nilipanue tumboni. Nikampima. Kiuno kimeongezeka inchi nne tangu Idi. Mabegani amepungua, nguo inamteleza. Akaninong'oneza: "Abaayo, ndugu yangu, usimwambie mtu. Nadhani Mola amenikumbuka." Ana miaka arobaini na moja. Kumi na tisa ya ndoa, bila mtoto. Nililia kwa furaha.

Alhamisi, 14 Agosti
Siri imetoka. Shemeji Abdullahi, mumewe Habiba, amechinja mbuzi. Wanawake walijaa ua mzima, vigelegele. Habiba alikula matonge mawili, akasukuma sahani. Eti ameshiba. Alikuwa ameshika mbavu za kulia. Mikono imebaki mifupa. Mjamzito gani anakonda hivi? Sikusema kitu. Mwoga mimi.

Ijumaa, 22 Agosti
Maumivu yamefika bega la kulia. Mwili mzima unamwasha. Leo alipotoka juani nikayaona macho yake. Manjano. Mkojo kama chai ya rangi, kakiri mwenyewe. Mama mkwe wake anataka aitwe mzee wa kumtibu kwa kumchoma tumboni kwa chuma cha moto. Nimekataa. Tumegombana vibaya. Jumatatu nampeleka hospitali.

Jumatatu, 25 Agosti
Wamempiga picha ya tumbo. Hakuna mtoto. Ni maji, na uvimbe mkubwa kwenye ini.

Daktari akauliza kama amewahi kuambiwa ana hepataitisi B. Habiba akasema ndiyo, kama mtu anayeulizwa jina. Miaka minane iliyopita, alipokuwa akitafuta sababu ya kutozaa, walivikuta virusi kwenye damu. Wakamwambia arudi kila miezi sita ini likaguliwe. Mimi hakuniambia. "Sikuwa naumwa," alisema. "Ningerudi kufanya nini?"

Njiani hakulia. Aliniuliza mara moja tu: "Hakuna hata katoto kadogo?"

Jumatano, 3 Septemba
Majibu ya vipimo yametoka Nairobi. Saratani ya ini. Imeenea, haifai kupasuliwa. Atapewa dawa za maumivu, atatolewa maji tumboni. Basi. Daktari anasema ini huharibika kimya kimya. Mwenye virusi hivi hangoji kuumwa ndipo apimwe. Tangu nilipompima gauni, siku kumi na nane nilinyamaza. Anasema zisingebadilisha chochote. Sijui kama ni kweli au amenihurumia. Najichukia.

Jumamosi, 20 Septemba
Leo majirani walikuja na nguo za mtoto. Nilitaka kuwazuia mlangoni. Habiba akaniambia niwaache waingie. Akawaambia mwenyewe: "Si mimba. Ni ugonjwa, na hauponi." Walikunywa chai haraka, wakaondoka. Shemeji anashinda nje kwenye mkeka.

Jumatatu, 13 Oktoba
Tuliagizwa tupimwe virusi hivyo, ndugu wote na shemeji. Shemeji yuko salama. Mimi pia. Asubuhi nimedungwa chanjo ya kwanza ya kuvikinga. Dakika mbili, nikawa nimemaliza.

Habiba hajui nilikokwenda. Nimemkuta amelala, miguu imevimba, midomo imekauka. Mkono unaniuma pale sindano ilipoingia. Alipoamka alitaka maji. Nikamwinua kichwa. Akanywa kidogo, akalala tena. Nimekaa naye, namfukuzia nzi.