Kaburi Katikati ya Mihogo

Koboko, Jumanne, 1991

Ukoo mzima ulikaa, na Keji amesimama mbele yetu, mjukuu wake amekufa kwa homa, amefungwa kwenye shuka.

Shamba la kulima tulimpa alipokimbia vita Sudan, tukasifiwa sana. Leo aliomba kaburi tu. Baba mdogo akakataa: "Mutu akizika hapa, kesho anasema udongo iko yake. Apeleke kambini."

Mnafiki! Mwaka wa themanini sisi ndio tulikuwa wakimbizi, tukafika kwa Keji kule Yei, Sudan, na nguo za mwilini tu. Mwanangu Yuma alipokufa, Keji mwenyewe alishika jembe, akachimba katikati ya mihogo yake. Hakuogopa kwamba tutadai shamba. Baba mdogo alikuwepo, alikunywa chai ya matanga.

Na mimi je? Nilitazama miguu yangu. Niliogopa kutengwa na ukoo nikimtetea.

Keji hakubishana. Alimbeba mtoto, akapita karibu yangu, akasema polepole, bila hasira:

"Baba Yuma, siku ile nilikimbia, kwanza nilipalilia kaburi ya mutoto yako."