Yaya, Mahindi Yameelea

Yaya Deo, kaka yangu mkubwa,

Mahindi yameelea. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungenikatiza kabla sijamaliza salamu. Jana asubuhi, uwanjani kwako Katuba, yalinyanyuka yote kwa pamoja, yakachemka ndani ya sanduku lako la chuma kama maharagwe yaliyoiva, na humo ndani hamkuwa na maji hata tone.

Karibu mwaka umepita tangu tukuzike. Mkeo Odette alivua nguo nyeusi mwezi uliopita, akarudi kuvaa kile kitenge cha njano ulichokuwa ukimtania nacho. Bomba la barabara yenu limeanza tena kutoa maji, siku mbili kwa wiki. Mimi bado nafundisha fizikia, bado nasahihisha madaftari mezani kwangu huku chai inapoa. Ila kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu, na wewe ndiye unayestahili kulisikia.

Unakumbuka siku ile kiwanda chenu kilipofungulia familia milango? Nilikuwa bado nasomea ualimu. Ulinipitisha katikati ya kelele zote hadi kwenye mashine yako ya kukaushia, ukanishika mabega ukaniweka mbele ya kidirisha cha kioo kinene. Ndani, unga wa shaba uliotoka kuoshwa ulikuwa unapulizwa hewa ya moto kutoka chini. "Angalia, Filo!" ulinipigia kelele sikioni. "Iko inachemuka, na mayi hakuna!" Nilitazama kidogo tu. Nitakuambia ukweli, Yaya, nilikuwa nafikiria viatu vyangu vilivyojaa vumbi. Wewe ulikuwa umeitazama ile mashine miaka na miaka, na siku ile ulikuwa umefungua mdomo kama mtu anayeiona mara ya kwanza.

Kiwanda kilipokustaafisha, uliondoka na ule mshangao, ukauleta nyumbani. Ulimwona Odette na wenzake wanaolima njia ya Luano wakivuna mahindi ya kwanza mwezi wa tatu, mvua bado inanyesha. Wanaanika kwenye maturubai, wingu linatokea, wanafunika, jua linachungulia, wanafunua. Mwaka ule Odette alipotupa mavuno yote shimoni kwa sababu ya ukungu, ulimkuta amekaa kando ya shimo. Siku hiyo ndipo ulipouliza, "Kama hewa inakausha shaba, mahindi itashindwa namna gani?"

Ukatengeneza. Sanduku la chuma la kufika kifuani, tanuri la makaa pembeni, mabomba ya kupasha hewa ili moshi usiguse chakula, feni kubwa inayozungushwa na injini ya dizeli ya kinu kilichokufa. Sakafu ya sanduku ilikuwa bati zito la matundu ulilolipata kwa wauza vyuma chakavu wa Kamalondo. Ulilibeba kichwani mwenyewe, hukutaka mtu mwingine alipinde.

Halafu ile siku ya mwaka jana. Wanawake walikuja na mabeseni yao. Feni ikanguruma. Kwenye kona moja mahindi yakaruka juu kama maji ya bomba lililopasuka, yakatupiga usoni. Kwingine kote yalilala kimya, hayakutikisika, na baada ya muda tukasikia harufu ya kuungua. Wanawake wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa sababu Mama Kabedi alikuwa na punje zimenasa kwenye nywele. Mimi ndiye niliyekuwa na ubaya. Nilisimama mbele yao wote, na diploma yangu, nikasema: "Wewe ni fundi wa chuma, Yaya. Hauko ingénieur, haukuyasomea. Hewa haiwezi kubeba mahindi."

Ulizima injini. Ukafuta mikono na kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Iko sawa, Filo."

Basi. Wiki ya tatu baada ya siku ile ukaanguka asubuhi ukinawa uso. Hospitalini uliishi siku mbili, na siku zote mbili nilikaa kando ya kitanda nikisubiri uamke vizuri ili nikuombe msamaha. Hukuamka vizuri. Nilikuomba hivyo hivyo, umefumba macho. Sijui kama ulisikia.

Nilikuwa nimeapa kutoligusa lile sanduku. Lakini mwezi wa kwanza mwaka huu, mvua ilipokatika siku kadhaa, nilikuwa namwagilia mboga ya lengalenga nyuma ya nyumba, na kile kichwa cha matundu cha kopo langu kilikuwa kimepasuka. Maji yote yakawa yanatokea upande mmoja, yanachimba udongo, na miche mingine inabaki mikavu. Nikanunua kopo jipya. Maji yakamwagika kama mvua nyepesi, sawasawa kila mahali. Nikasimama pale hadi kopo likaisha. Maji yalikuwa yale yale, Yaya. Matundu ndiyo yaliyokuwa tofauti. Bati lako lilikuwa na matundu makubwa mno, hewa ikachagua njia rahisi, ikapita yote kwenye kona moja. Feni yako haikuwa na kosa. Hewa ilikuwa na nguvu ya kutosha. Ilihitaji tu kulazimishwa kutawanyika.

Nilikwenda mbio kwa Odette, nikamweleza nikiwa bado na matope miguuni. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanishika mkono, akanipeleka chumbani, akavuta kitu kutoka nyuma ya kabati. Bati jipya. Lilikuwa limetobolewa hadi katikati, matundu madogo madogo kama ya kichujio, mistari imenyooka kama ya daftari, na mstari wa mwisho umeishia njiani.

"Alianza juma ile ile bantu bamucheka," Odette alisema. "Kila asubui alikuwa anatoboa. Alikataza nikuambie. Alisema, Filo atakuja kujionea."

Nilipiga magoti nikaligusa. Yaya, ulikuwa umeshajua! Jambo lililonichukua karibu mwaka mzima na kopo lililopasuka, wewe ulilijua ndani ya siku chache, na hukuja kwangu kunionyesha kwamba nimekosea. Uliendelea kutoboa tu. Nililia pale sakafuni hadi Odette akaniletea maji, halafu naye akakaa tukalia wote.

Tuliendelea pale ulipoachia. Odette aliweka alama kwa msumari, mimi nikatoboa. Nimevunja vichwa vingi vya mashine yako ya kutobolea, usiniulize idadi. Nusu yako imenyooka. Nusu yangu imepinda kama mwandiko wa darasa la kwanza, lakini matundu yana ukubwa uliochagua wewe.

Basi jana. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Alhamisi. Wanawake walikuja, si wengi kama mwaka jana, wengine walipita tu wakachungulia getini. Mama Kabedi alikuja na beseni lake, kitambaa kimefungwa kichwani kwa kukaza kabisa. Tukawasha tanuri, tukamwaga mahindi, nikazungusha injini.

Mahindi yalikaa tu. Feni inanguruma na yenyewe yamelala. Nikayakumbuka yale maneno yangu ya mwaka jana. Odette akasema, "Ngojea kwanza," akafungua mlango wa hewa kidogo zaidi.

Juu ya mahindi ukapita mtetemo, kama ngozi ya ng'ombe inzi anapotua. Kisha yote yakanyanyuka, ukuta hadi ukuta. Yalipanda katikati, yakapinduka, yakashuka pembeni, yakapanda tena. Niliingiza mkono, ukazama kama kwenye maji ya vuguvugu. Mahindi mazito, mabichi, yaliyowachosha wanawake hawa mabega, yalikuwa yanauzunguka mkono wangu na hayakuwa na uzito.

Mama Kabedi alifanya ishara ya msalaba. "Nani iko anasukuma kule chini?"

"Ni hewa tu, mama," Odette akamjibu.

"Hewa gani?"

"Ile unapumua."

Akaweka kiganja mbele ya mdomo wake, akajipulizia polepole, akakitazama. Hakuna aliyecheka.

Nikazungumza. Niliwaambia: mwaka jana nilisema hapa kwamba kaka yangu hakuwa na elimu ya jambo hili. Nilikosea mbele yenu, nasahihisha mbele yenu. Mama Kabedi akasema, "Na sisi tulicheka, Filo," akainua beseni lake la pili.

Kabla ya adhuhuri Odette aliuma punje moja, ikalia kati ya meno yake, kavu kabisa. Nje mvua bado ilikuwa inanyesha. Wale wa getini waliingia.

Kuanzia sasa Odette ndiye mwenye mashine. Anaujua moto wake kuliko mimi, na mkono wake kwenye mlango wa hewa ni mwepesi. Wanawake wa upande wa Kipushi wamemwomba aje awaonyeshe, nami nitakwenda naye nikachore bati lingine.

Yaya wangu, pumzika. Miaka yote hii nimeandika ubaoni kwamba hewa ina uzito na inasukuma, wanafunzi wamenakili, nimewapa alama. Kumbe sikuwa nimeiamini hata siku moja. Leo baada ya shule nilipita tena kwenu, nikasimama mbele ya sanduku na mfuko wa madaftari begani, nikasahau nilichokuwa nimefuata. Wewe ulisimama hivyo mbele ya kioo miaka mingapi? Siwezi kukuahidi kwamba nitatoboa mistari iliyonyooka. Nakuahidi hili moja tu, kwamba hewa hii sitaizoea.

Dada yako,
Filo