Baba Mdogo Aliyegoma Kubeba Salamu

Mwaka umekatika, Baba Mdogo, tangu uache miwani yako juu ya friji ukaenda hospitali usirudi. Miwani bado ipo pale pale. Mama Mdogo hataki iguswe, ingawa anakiri kwamba hata ukiwa umeivaa ulikuwa unaitafuta.

Wageni wakikuuliza unafanya kazi gani, ulijibu, "Nachora nukta." Mama Mdogo alikuwa anadakia haraka, "Yuko ofisi inayosimamia mabenki," asije mtu akadhani kaolewa na asiye na kazi.

Na kweli ulichora nukta. Kila benki nukta yake, na benki ikiikopesha nyingine unavuta mstari kati yao. Wenzako waliangalia nukta kubwa kubwa. Wewe ukahangaika na kibenki kimoja chenye matawi matatu. Bosi wako akakuuliza, "Hiki nacho kinakunyima raha?" Ukamwambia, "Mzee, usiangalie ukubwa wake. Angalia wangapi wanapita kwake. Hiki kikianguka, hao wakubwa wote wanakosa pa kupita."

Mkawatafutia hao wakubwa njia nyingine mapema. Kibenki kilipoyumba, hakuna aliyeanguka nacho. Hakuna aliyekupongeza pia, maana hakuna kilichotokea. Ulirudi nyumbani umebeba tikiti maji, ukatangaza kwamba tunasherehekea jambo ambalo halikutokea. Sherehe yako ya aina yake, na tikiti lenyewe halikuwa limeiva.

Kisha ukaugua. Siku moja sebuleni ukageuza kalenda ya mwaka uliopita, ukatuchora sisi nyuma yake: nani humpigia nani akiwa na shida. Baba na Shangazi walikuwa na miaka sita hawasemeshani, tangu wagombee cherehani ya Bibi. Habari zao zote zilipita kwako. Ukaitazama ile karatasi, ukaniambia, "Kibenki ni mimi."

Nikacheka. Wewe hukucheka.

Wiki hiyo hiyo ukagoma. Baba akakupigia, "Mwambie Dada aje Jumapili."

"Namba yake unayo, Kaka."

"Na yako ninayo, ndiyo maana nimekupigia wewe."

"Basi mimi nimefunga."

Shangazi akasema ugonjwa umekufanya mkorofi. Mimi, kwa huruma, nikaanza kuzibeba salamu zao kimyakimya. Ukanikamata. "Umefungua tawi, siyo? Unataka niondoke mimi, halafu wakubebeshe wewe mpaka uote mvi?" Nilinuna siku mbili. Hizo siku mbili nazijutia mpaka leo, kwa sababu hazikuwa zimebaki nyingi.

Wiki nane hakuna aliyempigia mwenzake. Kila nikija unauliza, "Bado?" Nami najibu, "Bado." Ulikuwa unafanya mzaha, lakini ulikuwa unaogopa, Baba Mdogo. Niliona jinsi ulivyokuwa unaitazama simu.

Mama Mdogo alipompigia Baba kutoka hospitali ilikuwa saa saba mchana. Baba alikuwa mezani anatengeneza pasi ya jirani. Alipokata simu nikamwambia nitampigia Shangazi mimi. "Acha," akasema. Akaitafuta namba mwenyewe, na vidole vyake vya fundi umeme, ambavyo havijawahi kukosea waya, vikakosea mara mbili.

"Dada, ni mimi."

Simu ilikuwa kwenye spika.

"Najua ni wewe," Shangazi akasema. "Amekwenda?"

"Amekwenda."

Wakalia wote wawili, kila mmoja kwake, simu ikiwa wazi. Halafu nikamsikia Shangazi akimuuliza, "Umekula?"

Tangu siku hiyo wanapigiana kila siku, na karibu kila siku wanagombana, sasa bila dalali. Hata picha ya tangazo hili la kumbukumbu ilileta kesi. Shangazi alitaka ile uliyovaa tai. Baba alitaka ile unayocheka mdomo umejaa chakula. Wamebishana nusu saa nzima nimekaa katikati yao kwenye kochi, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniambia, "Hebu mwambie huyo."

Imeshinda ya mdomo kujaa. Tusamehe.

Unakumbukwa na mkeo, Mama Mdogo wetu. Dada yako mshonaji. Kaka yako fundi umeme. Na mimi mwanao, niliyekuchosha kwa maswali. Siku zote utakuwa mioyoni mwetu.