Mwalimu wa Mikeka Asiye na Kisu

Siku ya kazi moja, 7 Juni 1999

Nimefagia temple, kanisa letu, tena peke yangu. Siku ya ufagio kamati nzima ya bamama ni wagonjwa. Mkutano wa kazi za mikono unaanza juma lijalo na walimu bado kizungumkuti. Mfinyanzi amekataa: ufundi wa mama yake ni wa binti yake, si wa parokia. Sawa. Wa kufuma sweta, mke wa sajini kule Base, kambi ya jeshi, anataka sabuni kwanza. Huyo naye ninamwelewa. Nisiyemwelewa ni Mama Numbi wa Malemba-Nkulu, wa mikeka. Sijawahi kumwona, nimelalia tu mikeka yake. Nilimpelekea karatasi ya mwaliko yenye muhuri wa kanisa, akajibu ndiyo mbio mbio. Vita iko njiani, na yeye bei hakuuliza. Muntu wa kweli anabishana kwanza.

Siku ya kazi tano, 11 Juni

Amefika nyuma ya kinga, baiskeli ya muuza samaki, vumbi mpaka kwenye kope. Nilingoja mama mzee. Huyu ni kijana! Msukaji wa matete, na hana kisu. Nimemwazima cha jikoni, akakishika kama anakata vitunguu. Viganja laini, hakuna hata kovu moja. Ameuliza kitu kimoja tu: pale bariere, kizuizi cha askari kwenye barabara ya Malemba, muntu anaweza kusimama wapi aone wanaoingia. Nimemwonyesha. Sasa najuta.

Siku ya kazi moja, 14 Juni

Darasa la mikeka limejaa kuliko yote. Wengi wamekuja na Mama Kalumba, yule mkatoliki mcheshi wa kijiji cha ng'ambo ya reli. Mwalimu amesema matete ni mabichi, yaanikwe. Siku ikaisha.

Siku ya kazi mbili, 15 Juni

Leo eti matete yamekauka mno, yalowekwe. Eh! Na darasa halilalamiki. Njo hilo linalonikera zaidi. Wanakula bukari, ugali wa mkutano, wanacheka, wanarudi kukaa.

Jioni nimemfuata mwalimu. Anasimama karibu na bariere, anatazama kila kinga inayoingia mpaka jua linazama. Nadhani anahesabu askari.

Siku ya kazi tatu, 16 Juni

Nyuma ya jiko kuna kikao. Mwalimu, Mama Kalumba na wengine. Nikikaribia wananyamaza. Mama Kalumba amefunika kitu kwa kitenge chake. "Mambo ya bamama," ananiambia. Mimi ni nini, bwana?

Siku ya kazi ine, 17 Juni

Lieutenant wa bariere amekuja mwenyewe. "Mama, ule mwalimu yako anatafuta nini kwangu kila mangaribi? Unamujua?"

Ulimi uliwasha. Nikisema simjui, watamchukua. Muuza chumvi walimchukua mwezi uliopita, mpaka leo kimya. Nikisema namjua, na kumbe ni wa waasi, watanichukua mimi. Nimesema aje siku ya posho, keshokutwa, aone kazi ya mwalimu. Ni mwoga mimi. Na huyu mwanamke ninamchukia kwa kunitia woga.

Siku ya posho, 19 Juni

Lieutenant amekuja na wawili wenye bunduki. Akakaa mbele. "Asuke."

Mwalimu akachukua matete, akatoa kisu. Si changu, cha Mama Kalumba. Akapasua polepole, akapanga, akaanza: mbili juu, mbili chini. Mama Kalumba akaanzisha wimbo, darasa lote likaitikia. Nikaona kitu. Kila alipokosea, wimbo ulisita. Kidole chake kilirudi nyuma, kikasahihisha, wimbo ukaendelea. Lieutenant alifikiri ni ibada. Alipoondoka alibeba mkeka aliouona umekamilika pale pembeni, bila asante. Mama Kalumba akasema utamfungukia mgongoni kabla ya asubuhi.

Nikamvuta Mama Kalumba kando. Ananicheka tu. "Siye bote tunasuka tangu butoto. Siku ya kwanza tuliona ule hajue kitu. Tukamufundisha nyuma ya jiko. Mukeka wake wa kwanza, ule wa chini ya kitenge, njo Lieutenant amebeba."

Basi wao walikuja kujifunza nini? "Bukari ya saa sita, Mama. Na samaki."

Na kwa nini hawakuniambia? "Weye? Macho yako njo bariere ya pili."

Imeniuma. Bado inaniuma.

Yule mwanamke amelia kwanza, halafu amesema. Anaitwa Monga. Numbi ni dada yake mkubwa. Mwaliko wangu ulikuwa unampitisha muntu kwenye bariere zote, lakini karatasi ilikuwa ya muntu mmoja. Numbi alimpa yeye, mwenyewe akabaki. Alisema atafuata na muuza samaki. Njo sababu Monga anasimama pale kila jioni.

Siku ya Mungu, 20 Juni

Ibada imekwisha, bamama wamerudi kwao. Muuza samaki amekuja mikono mitupu: barabara ya Malemba imefungwa, hakuna anayetoka.

Monga hakwenda barierani leo. Amekaa nyuma ya temple, ameanza mkeka mwingine, mpana, peke yake bila wimbo. Nimemuuliza ni wa nani.

"Wa Numbi. Akifika ataona pindo hili, atanicheka."

Pindo limepinda kweli. Nimeketi chini, nikamshikia ncha za matete. Baadaye amenipa upande wangu nisuke. Mbili juu, mbili chini. Nimekosea, akarudisha kidole changu.