Utepe Kwenye Pampu

Ikungi, Jumanne

Eti utepe nao umewekewa mlinzi!

Pampu mpya ya kutia klorini kwenye maji ya mji imeshafungwa, ya zamani tumeing'oa, na hakuna anayeruhusiwa kuiwasha mpaka mgeni rasmi aje kuizindua. Safari yake imeahirishwa tena. Meneja ameizungushia utepe mwekundu, imekaa kama bibi harusi aliyesusiwa.

Leo nimemwambia, "Bosi, tuiwashe tu. Watu wanakunywa maji yasiyo na dawa."

Akanitazama kama nimemtukania mama. "Tukiiwasha, mgeni atazindua nini?"

Nikaomba basi tutie dawa kwa ndoo. Akasema tutachafua sakafu, imepakwa rangi juzi.

Jioni nimepita kwa jirani yangu Mama Saidi, muuza chapati. Kanipokea kwa vigelegele. "Baba Neema, hongereni! Maji siku hizi matamu, hayanuki dawa kabisa. Kweli mashine mpya ni mpya!"

Nikamwambia hayanuki kwa sababu dawa haimo, ayachemshe. Akacheka. "Nyie mafundi hamtaki kusifiwa."

Ana wajukuu watatu pale ndani. Naogopa, na sioni aibu kusema.

Nikampigia meneja nimweleze, labda atashtuka. Akafurahi! "Huyo mama ndiye atakayetoa ushuhuda mbele ya mgeni."

Kisha akanikumbusha ninunue maji ya chupa ya mgeni rasmi. "Haya ya bomba," akasema, "usithubutu kumpa."